Listi Moja kwa Uzani Wote

Tuanze na kosa langu, maana nikianza na sifa zangu tutakesha. Nilitunga listi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nasomea uhasibu katika chuo kimoja cha biashara upande wa Mengo, na nikapewa ukarani wa mieleka ya vyuo vinne vya Kampala. Msichana, Mkenya, asiyewahi kumwangusha hata kuku, ndiye aliyekuwa akipanga nani bingwa na nani si kitu. Walinichagua kwa mambo mawili: mwandiko wangu ulisomeka, na Kiswahili changu hakikumwogopa mtu. Nje ya ukumbi watu walisema Kiluganda, darasani Kiingereza, lakini kwenye mieleka walikuja watoto wa kambi za polisi, watoto wa wafanyabiashara wa Kikenya na Wakongo wawili watatu, na wote hao lugha yao ya kutaniana na kutukanana kwa amani ilikuwa Kiswahili.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vilivyokwisha mwaka themanini na sita. Ukumbi wetu, kwenye mteremko wa Kibuli, haukuwa na vioo madirishani. Mkeka wa mieleka hatukuwa nao. Tulishona magunia, tukayajaza vumbi la mbao kutoka kwa maseremala, tukatandaza turubai juu yake, na mtu akibwagwa sawasawa vumbi lilifumuka kwenye mishono na refa akapiga chafya. Mizani tuliazima kwa muuza unga mmoja wa Nakivubo, ile ya chuma ya kupimia magunia. Vijana walipanda juu yake na chupi tu, mimi nikaelekea ukutani na daftari langu, na bawabu wa ukumbi akasoma kilo kwa sauti ya mnada. Ukuta ule niliujua nyufa zake zote.

Kila uzani ulikuwa na listi yake, na hizo hazikuwa na taabu. Wawili wanapigana, mmoja analala chali, naandika, basi. Taabu ni kwamba wakuu wa vyuo walitaka listi moja kwa uzani wote. Sababu yao ilikuwa hii: kila mwisho wa mwaka timu ya mieleka ya polisi ilichukua kijana mmoja kutoka vyuoni, akaajiriwa moja kwa moja na kuvishwa sare. Mmoja tu. Walitaka afisa akija akute jina la kwanza ubaoni, achukue, aende zake, pasiwe na magomvi. Sasa utamlinganishaje kijana wa kilo hamsini na mwenzake wa kilo mia, watu ambao hawatakutana juu ya turubai mpaka kiyama? Mkuu mmoja akanitazama, akaniita bibi kwa Kiluganda: "Nyabo, wewe si ndiye wa hesabu? Tafuta njia."

Nikatafuta. Nilikaa na daftari la mraba wiki nzima, mama yangu akidhani nasomea mtihani. Nikawaza hivi: kushinda mahali penye watu kumi na wawili ni kazi zaidi kuliko kushinda mahali penye watu watatu. Kwa hiyo kila ushindi nikauzidisha kwa idadi ya watu waliomo kwenye uzani huo. Umemwangusha mtu katika uzani wa watu kumi na wawili, pata kumi na mbili. Umemwangusha mtu katika uzani wa watu watatu, pata tatu. Na ule ushindi wa bure, wa mpinzani kutopanda ulingoni, nikaupa sifuri. "Maana hujaangusha mtu," niliwaambia wakuu wa vyuo, "umeangusha hewa." Walicheka, wakapiga makofi, mmoja akasema huyu binti atafika mbali. Kichwa kilinivimba, sitaki kudanganya.

Hesabu yenyewe haikuwa ya kipumbavu. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ingekuwa ya kipumbavu, mtu angeipinga.

Lakini tazama ilivyofanya kazi kwa watu wenyewe. Vijana wetu walikuwa wamekua katika miaka ya njaa na kukimbiakimbia, wembamba karibu wote, kwa hiyo uzani wa chini ulifurika mpaka tukawapangia zamu, mapambano manne tu kwa kila mmoja. Uzani wa juu kabisa ulikuwa na watu watatu. Kisha mmoja akahama na wazazi wake, wakabaki wawili. Ukiwa mzito wa Kampala nzima, hujapata kushindwa na mtu, ushindi wako ulikuwa na thamani ya mbili.

Na mmoja wa hao wawili ndiye ninayemwandikia haya, ingawa hatayasoma.

Alikuwa mtoto wa sajini wa polisi kutoka kaskazini. Baba Mkatoliki, mama Mwislamu wa hapo hapo Kibuli, nyumbani kwao kambini Krismasi ililiwa na Idi ikaliwa, na yeye hakukosa hata moja. Alikuwa akisomea umeme katika chuo cha ufundi. Mwili ulikuwa wa kuzibia mlango, sauti ya mtu anayeomba radhi. Nilimjua kabla ya mieleka, kwa sababu mama yangu aliuza nguo za mitumba Nakivubo, na yeye akipita pale akitoka chuoni hakuwahi kupita bure. Angeweka mkoba chini, akabeba bali, lile robota la nguo, begani peke yake, akalipandisha rafuni, kisha akakataa soda mara ya kwanza na kuikubali mara ya pili, kama adabu inavyotaka. Mama akimwita "mwanangu." Mimi aliniita "dada," ingawa nilimzidi miezi michache tu, nami nikamwita "afande" kwa kumtania, kwa sababu ya babake.

Mpaka wakati huo sikuwa nimemwona akianguka. Yule mzito mwenzake alipigana naye mara mbili, akalala chali mara mbili, na mara ya tatu akapata akili: akaja na bandeji kidoleni. Mashindano yaliyofuata bandeji ikashuka kwenye kifundo cha mguu. Baadaye ikapanda begani. Sisi tukamwita Bwana Bandeji, naye wala hakukasirika, alikuwa mtu wa mzaha. Basi mtoto wa sajini angesimama peke yake juu ya turubai, refa akamnyanyua mkono, ukumbi ukapiga vigelegele, nami pale mezani nikaandika sifuri.

Nilipobandika listi ya nusu mwaka ubaoni, alikuwa wa tisa.

Aliisoma listi kwa kidole, jina kwa jina. Kisha akaja mezani kwangu, akachuchumaa ili asiwe juu yangu ninapozungumza naye. Alikuwa na tabia hiyo.

"Dada, mimi nimeshindwa na nani?"

"Hujashindwa na mtu."

"Sasa hii watu nane iko mbele yangu, ilinipiga siku gani?"

"Hawakukupiga. Ni hesabu, afande. Uzani wako una watu wawili, na huyo mwenzako kila siku ana jeraha jipya."

"Ananiogopa."

"Najua anakuogopa."

"Basi kuogopwa ni kosa yangu?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, kwa sababu lilikuwa swali zuri. Nikamweleza tena habari ya kumi na mbili na tatu, polepole, kama vile yeye ndiye hakuelewa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha tukatoka tukakaa kwenye ngazi za ukumbi, na hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo sikulijua.

Babake alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Nyumba ya kambini ni ya sare. Siku unarudisha sare ndiyo siku unarudisha ufunguo. Mamake, ambaye kwao Kibuli walimkataa tangu aolewe na Mkatoliki, na dada zake watatu wadogo, wote wakisoma Kibuli, walikuwa hawana pengine pa kwenda ila kaskazini kwa babake, ambako mama hakujua lugha na wakati ule hakukuwa bado na amani. Lakini kama yeye angechukuliwa na timu ya polisi, angevaa sare, angepewa chumba, na mama na wasichana wangehamia humo siku hiyo hiyo, mlango kwa mlango, hata shule wasikose. Babake alikwisha kumwambia: nyumba yetu sasa iko mabegani mwako.

"Dada, mimi sitaki kikombe," alisema. "Nataka chumba."

Sasa, mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Angerudi kwa wakuu wa vyuo, akasema: jamani, nimekosea, listi hii inamwadhibu mtu kwa kuogopwa, wa tisa huyu anaweza kuwabwaga wote nane kabla ya chai. Ningepoteza nini? Makofi. Lakini makofi yale nilikuwa nimeyazoea, na hesabu ile nilikuwa naipenda kama mtu anavyompenda mtoto wake mwenye makamasi. Kwa hiyo badala ya kuirekebisha listi nikamrekebisha mtu.

"Shuka uzani," nikamwambia.

Uzani wa chini yake ulikuwa na watu wanane, yeye akiingia wawe tisa. Akishinda huko, kila ushindi ni tisa, si mbili, na listi ya mwisho wa mwaka ilihesabiwa upya. Wala hapakuwa na mtu wa kujifunga bandeji, maana wale wanane walikuwa vijana wenye kiherehere. Ilimbidi apunguze kilo kumi na tatu katika miezi miwili na kidogo. Nikachukua karatasi ya mraba nikamchorea: wiki hii kilo hii, wiki ile kilo ile, mstari unashuka taratibu mpaka chini. Ulikuwa mstari mzuri. Aliitazama karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Kale, dada," akasema, yaani sawa. "Wewe ndiye unajua."

Kama angenibishia! Mara nyingi nimetamani angekuwa mbishi kidogo tu.

Akaanza. Asubuhi alipanda mlima wa Kibuli mbio, amejivika kaveera, mifuko ya plastiki, ndani ya sweta, ameifunga kiunoni na mikononi kwa kamba, jasho likamtoka mpaka likachuruzika kwenye viatu. Posho, yaani ugali, akaacha. Maharagwe akala vijiko. Siku za mwisho hata maji aliyasukutua akayatema. Kila Jumamosi alipanda kwenye mizani ya muuza unga, mimi nikageuka, bawabu akasoma, nikaandika, na kilo zikashuka kama karatasi yangu ilivyoamuru. Nilifurahi. Naapa nilifurahi, nikamwambia, "Afande, unaona? Hesabu haisemi uongo."

Mama yangu ndiye aliyeona kilichokuwa mbele ya macho. Kijana alikuja dukani, akainama kubeba bali, akalinyanyua mpaka kiunoni, akalirudisha chini. Akasema ameteleza. Akakataa soda mara ya kwanza, na mara ya pili, na mara ya tatu. Alipoondoka mama akanigeukia.

"Mtoto wa watu mmemfanya nini huko?"

"Ni michezo, mama. Anapunguza uzito."

"Anapunguza uzito!" Mama alipiga kofi moja, akawatazama wauzaji wenzake kama anawaita mashahidi. "Kampala hii? Mwaka huu? Wewe una macho kweli?"

Nilijua alichomaanisha, sikutaka kujua. Ilikuwa ile miaka ya silimu, kutoka "slim" ya Kiingereza, ndivyo watu walivyouita UKIMWI, kwa sababu ulimkondesha mtu mpaka akaisha. Hakuna familia ambayo haikuwa imezika. Kukonda kwa hiari lilikuwa jambo lisilokuwapo. Unene ulikuwa afya, na mtu ambaye suruali yake imeanza kulegea alisindikizwa kwa macho kutoka kona hii hadi kona ile. Hakuna aliyeuliza. Watu walishusha sauti tu. Mamake akitoka sokoni, wanawake wenzake walianza kumsalimia kwa huruma, mikono yote miwili, pole mama, pole sana, na yeye hakuelewa anapewa pole ya nini. Wavulana wa chuo walianza kutokunywa maji kwenye kikombe alichonywea yeye. Hilo nililiona kwa macho yangu, mezani pangu. Nikajiambia, mashindano yakiisha atakula, atanenepa, maneno yatakwisha.

Na mashindano ya mwisho yakaja. Bawabu akasoma: gramu chache chini ya mpaka. Nikaandika kwa furaha. Alipanda kwenye turubai na miguu iliyokuwa inacheza yenyewe. Nguvu hazikuwapo, lakini ufundi ulikuwapo, na wale vijana hawakujua miguu yake inatetemeka, walijua jina lake tu. Akawabwaga watatu, kisha wawili. Mmoja akambwaga yeye, kijana ambaye mwaka uliopita angemwinua kwa mkono mmoja akamweka kando, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mgongo wake kugusa magunia yale. Akainuka, akampa yule kijana mkono. Akashinda mawili yaliyobaki. Nikajumlisha, nikazidisha, nikajumlisha tena kwa uhakika.

Alikuwa wa kwanza. Katika uzani wote, wa kwanza. Niliandika jina lake juu ya listi kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake, nikaibandika mwenyewe, na nikajisifu moyoni kwamba hesabu yangu imeokoa nyumba ya watu.

Afisa wa timu ya polisi alikuja siku ya tatu, mchana, na wakuu watatu wa vyuo wakamzunguka kwa heshima. Alikuwa mtu mfupi wa makamo, masikio yamevimba kwa mieleka ya ujana, Kiswahili chake cha kambini. Vijana walipangwa mstari. Nilisimama pembeni na rejista yangu kifuani. Afisa hakutazama ubao. Alitazama watu, mmoja mmoja, akafika mwisho, akarudi.

"Ule kijana kubwa ya mwaka jana iko wapi?" akauliza. "Mimi nimekuja chukua ule. Mzito yetu amezeeka. Nataka mzito."

Hakuwa anataka listi. Hakuwahi kuitaka. Kila mwaka alikuja akatazama timu yake ina pengo la uzani gani, akachukua mtu wa pengo hilo, na sisi kwa ujinga wetu tukadhani anafuata ubao. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Mimi mwenye kuuliza kila kitu, mimi niliyekesha wiki nzima na daftari la mraba, sikuwahi kumwuliza mtu anayeajiri anataka nini.

Mkuu mmoja akamwonyesha. "Ni huyu, afande. Ndiye wa kwanza pia kwenye listi."

Afisa alimsogelea. Akamtazama shingo, mifupa ya mashavu, sweta inavyoning'inia. Mtoto wa sajini alisimama wima, mikono ubavuni, kama babake alivyomfundisha. Afisa hakumwuliza yeye. Pengine ndiyo adabu, humwulizi mtu jambo lile usoni mwake. Akanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa na rejista, akanivuta hatua mbili kando na kushusha sauti, lakini wakuu watatu wa vyuo walikuwa pale pale, masikio wazi.

"Karani. Hii kijana iko na nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa kifuani kwangu, limeandikwa kwa mkono wangu, Jumamosi baada ya Jumamosi, kilo baada ya kilo, na karatasi ya mraba ilikuwa mfukoni mwake. Sentensi moja tu: hana kitu, afande, ni mimi niliyemwambia akonde kwa ajili ya listi, mpe mwezi mmoja ale utamwona. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na mimi ndani yake. Karani kumfundisha mchezaji mmoja kwa siri jinsi ya kupanda kwenye listi yake mwenyewe, wangeiita upendeleo, na wangekuwa na haki. Mkuu wa chuo changu alikuwa ndiye wa kuniandikia barua ya kazi mwezi ule. Nilimwona ananitazama, miwani imeteremka puani, anasubiri binti yake mwenye akili aseme jambo la akili.

"Sijui, afande," nikasema.

Afisa akatikisa kichwa kwa huzuni, huzuni ya kweli kabisa, akarudi kwenye mstari. Akamwita Bwana Bandeji. Siku hiyo hakuwa na bandeji popote. Alikuwa mzito pekee aliyebaki Kampala nzima, na tangu mwenzake ashuke uzani hakuwa amepigana na mtu hata mara moja. Kwenye listi yangu alikuwa wa mwisho, ana sifuri. Afisa akamshika bega, akamgeuza, akasema, "Hii itafaa."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu hayakungoja hata nifike nyumbani. Nilienda mpaka lango la kambi siku iliyofuata, nimejipanga maneno ya kumwambia afisa. Askari wa zamu akaniuliza, "Unataka nani, nyabo?" Nikasema nimepotea njia, natafuta hospitali. Akanielekeza kwa upole, tena akanisindikiza hatua kadhaa. Siku ya pili nikaenda nikaishia kwenye kona. Siku ya tatu nikaambiwa barua ya ajira ya Bwana Bandeji imeshatiwa sahihi, na nikaona, aibu kubwa, kwamba nimepumua.

Mwaka uliofuata, ukarani ukiwa bado wangu, niliivunja listi ile. Niliwaambia wakuu kila uzani ubaki na listi yake, na mwenye kuajiri aulizwe anachotaka. Walikubali bila mjadala, katika dakika tano, kati ya habari ya vikombe vya chai na habari ya turubai jipya. Dakika tano! Nilirudi nyumbani nikalia mpaka mama akadhani nimefiwa. Barua yangu ya kazi niliipata, na ilikuwa nzuri, ilisema mimi ni mwaminifu. Miaka mingi baadaye dereva mmoja wa lori aliniambia alimwona huko kaskazini, mkubwa vile vile kama zamani, anafundisha watoto, hajawahi kuugua kitu. Kwamba mamake hakuizoea nchi ile. Kwamba wale wasichana hakuna aliyemaliza shule.

Lakini siku ninayoiona ninapofumba macho si ya dereva, wala si ya afisa. Ni ile asubuhi aliyokuja dukani kutuaga. Lori lilikuwa limeegeshwa upande wa pili wa barabara, magodoro juu, babake ameketi mbele na nguo za kiraia zisizomkaa vizuri, mamake na wasichana nyuma, wamejifunika kwa khanga moja dhidi ya vumbi. Mama yangu alimkumbatia, akamtia fulana tatu mkononi, bora kuliko zote alizokuwa nazo, akaingia nyuma ya pazia kwa sababu hakutaka kulia mbele za wateja. Tukabaki wawili. Akachuchumaa, kama kawaida yake, maana nilikuwa nimekaa kwenye bali.

"Dada, nataka kuuliza kitu. Usikasirike."

"Uliza."

"Siku ile. Afande alikuvuta kando akakuuliza kitu. Aliuliza nini?"

Alikuwa ananitazama bila shaka yoyote usoni. Alitaka tu kujua, apate la kumwambia babake njiani.

"Aliuliza kama una ugonjwa," nikasema.

"Nilijua." Akaangalia mikono yake. "Na wewe ukamwambia?"

"Nikamwambia huna kitu. Nikamwambia ni mazoezi tu."

"Hakuamini."

"Hakuamini," nikasema.

Akainuka. Dereva alikuwa anapiga honi. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, iliyokuwa bado myembamba, akainamisha kichwa.

"Asante, dada," akasema. "Wewe angalau ulijaribu."